Kitenge Kimoja, Suruali Mbili

Jumapili iliyopita, hapa Kashojwa, kambini kwa wakimbizi, shemasi wetu alimzuia mlangoni pa kanisa mama mmoja aliyekuja kwa baiskeli kutoka Juru. Mtoto aliyembeba mgongoni kwa kitenge alikuwa ametoka hospitali Mbarara akiwa mzima, naye alitaka kumshukuru Mungu mbele ya watu. Kosa lake lilikuwa suruali.

“Mama, na patalo hauingie mu nyumba ya Mungu. Jifunge hicho kitenge cha mugongo.”

“Na mutoto nimuweke fasi gani, Papa?”

Mama akafungua kitenge, akamtwika shemasi mtoto mikononi, akajifunga, akaingia. Ndani mchungaji alikuwa anapaza sauti: neema ni ya bure! Mimi nilikaa karibu na mlango, nikasikia mahubiri yote mawili.

Mama alipomaliza kushukuru akarudi kumchukua mtoto. Alikuta amekwisha kukojolea suruali ya shemasi, na zamu ya shemasi kuongoza maombi imefika. Mama akamnyooshea kitenge.

“Jifunge, Papa. Mungu hana neno, ni batu ndio batacheka.”

Akajifunga. Akapita katikati ya kanisa na maua mekundu ya kitenge kiunoni, mama nyuma yake na ile suruali aliyokatazwa. Nikatazama mabati ya paa. Hayakuanguka.