Wimbo Uliobaki Kinywani

Kila Jumamosi mchana walikuja kuketi sebuleni kwangu, mtaa wa Makomeno, kwa kuwa basi la kwenda chuo kikuu, Kasapa, lilikuwa limekufa na kule kampasi balbu zilikwisha kuungua zote. Walikuwa wanne: daktari wa ubongo, mtaalamu wa lugha, padri mfundishaji wa falsafa, na mume wangu, mwalimu wa saikolojia, aliyewakusanya. Mwaka nenda, mwaka rudi, walibishania swali moja: akili ya mtu inakaa wapi, na ubongo unafanyaje kazi? Mimi nilikuwa nimetoka kufundisha shule ya msingi, miguu imevimba. Nilichojua ni kwamba matumbo yao yalikaa kwangu. Nao walikuwa wamechoka, tuseme kweli: visigino vya viatu vimelika, vitabu vipya haviji. Midomo tu ndiyo haikuchoka.

Mume wangu alichukia nyimbo za chama tawala kuliko alivyochukia njaa. Kila asubuhi, mbele ya bendera, wafanyakazi wote wa chuo waliimba na kucheza kabla ya kazi, maprofesa na wafagiaji pamoja. Usiku aliniambia kwa sauti ndogo, akijisifu, kwamba hajaimba hata mara moja.

"Natikisaka midomo tu," alisema. "Sauti yangu habataipata."

Mwishoni mwa likizo kubwa mshipa ukampasuka kichwani, upande wa kushoto. Mkono wa kulia ukafa, maneno yakaisha. Akili ilikuwepo, niliiona machoni. Nikimletea chai isiyo na sukari, aliisukuma. Lakini kunitaja jina hakuweza. Nililia sana. Halafu kulikuwa na habari ya nyumba. Ilikuwa ya chuo, na asiyefundisha hutoka. Tuliambiwa mjumbe wa chama pale chuoni atakuja kabla masomo hayajafunguliwa, aone kama mgonjwa anaweza kurudi kazini. Nilikuwa na watoto sita. Ningewapeleka wapi? Kwa kaka yangu kule mjini Sakania, ambaye yeye na watoto wake wamejaa chumba kimoja kando ya reli?

Wale watatu walikuja kumfundisha maneno kama mtoto. Sema maji. Sema mama. Alitoa jasho, mdomo ukapinda, hakuna kitu. Kisha alasiri moja redio ya jirani ikapiga wimbo wa chama, na mume wangu akaimba. Aliimba beti zote, kwa sauti safi, bila kukwama. Sahani ikaniponyoka.

"Amepona!" nikapiga kelele.

Daktari akatikisa kichwa. "Apana, mama. Maneno ya kusema inatokaka upande wa kushoto, njo ule uliharibika. Wimbo wa kila siku iko na njia yake ingine. Unajiimba wenyewe. Yeye haiko anatuambia kitu."

"Nani anaimba basi? Jirani?"

Mtaalamu wa lugha akafungua mdomo aanze ubishi wao. Nilimtazama, akaufunga.

Mjumbe alipokuja, watatu hao walikuwepo. Alikuwa mtu mnene, mpole, beji ya chama kifuani, naye amechoka kwa jua na kutembea. Akaketi mbele ya mume wangu.

"Citoyen," alisema, maana ndivyo kila mwananchi alivyoitwa siku zile, "utaanza lini kufundisha?"

Akauliza tena. Mume wangu akahangaika, mate yakamtoka. Mjumbe akashusha pumzi, akatoa kalamu.

Nikasimama, nikaanza kupiga makofi na kuimba ule wimbo. Mume wangu alinitazama. Macho yake yalinisihi niache, na niliyaelewa vizuri kuliko neno lolote. Sikuacha. Mdomo wake ukafunguka, sauti ikatoka, kubwa, yote. Mjumbe akainuka akaimba naye, tumbo likitikisika kwa furaha.

"Mama, huyu iko muzima kabisa! Muntu wa kuimba hivi, akili yake iko yote. Apumzike kwanza. Mutabakia mu nyumba."

Wale waliojua ukweli walitazama sakafu. Padri hata alipiga makofi. Sijuti, na leo ningefanya vile vile. Watoto wangu walilala katika vitanda vyao. Lakini mjumbe alipoondoka, mume wangu aligeuza uso ukutani.

Jumamosi iliyofuata walikuja, nikawapikia bukari, ugali wetu, na samaki. Walikula. Hakuna aliyeuliza akili inakaa wapi.

Aliishi miaka mingine miwili, na sauti yake sikuisikia tena. Asubuhi, watoto wa shule iliyokuwa ng'ambo ya barabara walipoanza kuimba mbele ya bendera, aliuwahi mdomo wake kwa mkono wa kushoto, ule mzima, akaubana mpaka wamalize. Mimi nilikwenda kufunga dirisha.