Protas na picha iliyofungiwa ndani ya kompyuta ya Shema

Saa moja na nusu asubuhi, Protas Fortunatus ameshaketi mezani kwake, ghorofa ya kwanza ya ofisi moja huko Nyarutarama, Kigali, na uso ameshaukunja. Kwenye kioo cha kompyuta kuna mistari miwili inayofanana kama mapacha waliovishwa nguo moja: jina moja, namba moja ya kiwandani, na mwenye mashine mmoja, mwalimu wa darasa la tatu.

"Mwalimu anasema ana kompyuta moja," anasema bila kugeuka. "Mfumo unasema anazo mbili. Hapo kuna mwongo, na mwalimu mimi namfahamu."

Anaangalia ni mstari upi haujaonekana mtandaoni siku nyingi. Anaufungua. Ndani yake kuna safu ndefu ya tarakimu. Anazinakili, anazibandika kwenye rekodi ile mpya, anazisoma kwa sauti moja baada ya nyingine kama mtoto anayehesabu ngazi, kisha anarudia tena. Hapo ndipo anafuta ile ya zamani.

Fundi mwingine angekwisha kufuta na kwenda kunywa chai. Protas naye alikuwa hivyo hivyo zamani.

Shirika analofanyia kazi linagawa kompyuta mpakato kwa walimu wa shule za msingi, na zote zinasimamiwa kutoka mbali na mfumo mmoja. Mfumo huo unajua kila mashine iko kwa nani, na unaweza kuifunga ikiibwa. Ni mwerevu sana, ila una ugonjwa mmoja. Kompyuta ikiharibika, fundi akaisafisha na kuisajili upya, mfumo haukumbuki kwamba ndiyo ile ile. Unaikaribisha kama mgeni na kuiandikia rekodi mpya. Ile ya zamani inabaki pale pale, inadai kuwa ipo.

Matokeo yake si ya kuchekesha, ingawa watu wamecheka. Wakati mmoja ripoti ilionyesha kompyuta tatu zimepotea, akaitwa mlinzi wa lango, Habumugisha, ahojiwe. Kisa hicho bado anakisimulia akiwa amesimama na rungu lake.

"Mimi iko naangalia watu na mufuko," anasema. "Sasa banauliza kompyuta yenye iko ndani ya kompyuta. Nikabauliza, mabosi, hiyo ilipita mulango gani?"

Aliyemtoa Habumugisha matatani ni Shema Rugamba, aliyeonyesha kwamba hizo tatu zilikuwa rekodi za zamani tu. Na habari ya Shema ndiyo inayomfanya Protas asome tarakimu mara mbili.

Protas ni Mhaya aliyezaliwa Kayanga, Karagwe, upande wa Tanzania, akaja Kigali kutafuta kazi baada ya chuo. Alipoajiriwa, meza yake iliwekwa ubavuni mwa meza ya Shema. Shema alikuwa kijana wa Rwezamenyo, mtaa mwingine wa Kigali, mwembamba, mcheshi, asiyevumilia uchafu kwenye mfumo. Yeye ndiye aliyeanzisha mtindo wa kuziita rekodi za zamani "marehemu".

"Alinifundisha siku ya kwanza tu," Protas anakumbuka. "Akasema, ndugu yangu, ukikuta mbili, angalia ipi haijaonekana siku nyingi. Hiyo ndiyo marehemu. Izike, usilie."

Phiona, mkuu wao wa kitengo, mwanamke aliyekulia Kampala na mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani, anasema Shema alikuwa akianza kufuta hakamatiki. "Huyo mutu alipenda usafi! Nilimwambia, wewe Shema, utakuja kuoa ufagio." Anacheka, kisha anarudi kwenye kioo chake. "Sasa hapa hakuna anayesema marehemu. Tunasema ile ya zamani."

Shema alikuwa mtoto pekee wa Mukasine, mama anayeuza vitambaa vya kutandika kwenye viti na meza, anavyovifuma kwa mkono wake huko Rwezamenyo. Mukasine naye alikulia Karagwe, wazazi wake walikokimbilia kutoka Rwanda. Huko aliolewa na Rugamba, na baada ya 1994 wakaja wote Kigali. Mwaka uliofuata Rugamba aliugua homa na kufariki. Shema alikuwa bado ananyonya.

Ya Rugamba ilibaki picha moja. Ilitundikwa ukutani miaka yote hiyo, mpaka masika moja paa lilipovuja na maji yakaingia kwenye fremu. Shema aliibeba ikiwa bado mbichi, akaifikisha ofisini na kuipitisha kwenye mashine ya kunakili, akaihifadhi katika kompyuta yake. Ile ya karatasi haikupona. Ilipokauka ilibanduka vipande vipande kama ganda la kitunguu.

Tangu hapo, kila jioni baada ya kazi, Shema alikuwa akiitengeneza sura ya baba yake kwenye kioo: shavu, kola ya shati, nywele. Mama yake aliomba aichapishe hivyo hivyo. Alikataa.

"Aliniambia, mama, subiri, sikio moja bado," anasema Mukasine. "Nikamwambia mimi sikuolewa na sikio, nipe mume wangu! Akacheka. Akasema Pasaka utampata mzima."

Kabla ya Pasaka, figo za Shema zilishindwa. Alilazwa, na hakurudi.

Nakala nyingine haikuwepo. Kwenye hifadhi ya ofisi Shema hakuweka kitu, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyekataza watu kuweka humo mambo ya nyumbani.

Baada ya mazishi, shirika liliamua kompyuta ile ibaki kwa familia. Protas ndiye aliyeipeleka Rwezamenyo. Ilikuwa imekaa kabatini miezi, betri imekufa, hata saa yake imesahau mwaka. Aliibadilishia betri, akaiwasha mezani kwa Mukasine, mbele ya majirani waliokuja kumwona Rugamba.

Haikufunguka. Ilishtuka kama mlinzi aliyeona mtu asiyemjua, ikadai ufunguo: tarakimu arobaini na nane.

"Sikuogopa," anasema Protas. "Kila mashine yetu ina ufunguo wake, na mfumo unautunza ndani ya rekodi ya mashine hiyo. Nikamwambia, mama, kesho tu."

Kesho yake alifungua rekodi ya kompyuta ya Shema. Mahali pa ufunguo palikuwa patupu.

Ilimchukua asubuhi nzima kuelewa. Shema alikuwa na kawaida ya kuijaribu kazi kwenye mashine yake kwanza. Wakati fulani aliisajili upya, mfumo ukaiandikia rekodi ya pili. Lakini ufunguo haukuhama, ulibaki kwenye rekodi ya kwanza. Na rekodi ya kwanza ilikuwa imefutwa, wiki chache kabla ya mwenyewe kuugua. Mfumo unaandika nani amefuta nini. Protas alisoma jina lile akasimama, akatoka nje hadi langoni, ambako Habumugisha alimpa kiti.

Shema alikuwa amekuta mbili, akaizika ile ya zamani, kama alivyomfundisha kila mtu.

"Niliwaandikia wenye mfumo," anasema Protas. "Wakajibu kwa heshima nyingi kwamba kilichofutwa zamani hivyo hakirudi. Bila ufunguo, picha iko pale lakini haisomeki. Hakuna fundi wa kuivunja, si hapa Kigali, si kwingine kokote."

Jumamosi alipanda tena Rwezamenyo. Njiani alikuwa ameamua la kusema. Mama aliyezika mwanawe hawezi tena kuambiwa kwamba mwana huyo huyo ndiye aliyemfungia baba yake mlango. Alipofika alisema, "Mama, nisamehe. Mimi ndiye niliyefuta rekodi ya zamani, na ufunguo ukaenda nayo. Kwa kutojua."

Mukasine aliinua birika, akamjazia kikombe. Akasema, "Haya. Kunywa chai."

Protas akarudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata, akibeba sukari au sabuni, akibadilisha balbu, akiziba paa. Alidhani analipa kosa ambalo si lake, na akaona ni sawa tu.

Makala haya yalipoanza kuandikwa, Protas aliomba jambo moja: kisa kiandikwe, ila jina la aliyefuta lisitajwe. Tukakubaliana. Aliyevunja makubaliano hayo ni Mukasine mwenyewe, Jumamosi iliyopita, sebuleni kwake, kitambaa cha kijani mapajani na sindano ya kufumia mkononi.

"Umemwandika nani kwamba alifuta?" aliniuliza.

Protas akawahi. "Mimi, mama. Si nilishakuambia?"

"Yewe! Nyie Wahaya mnajua kujisifu, hadi kwa makosa ya watu." Hakuinua macho kutoka kwenye kitambaa. "Alifuta Shema."

Protas akaweka kikombe chini.

"Huyo mtoto alikuwa akila isombe yangu ya majani ya muhogo hapo ulipokaa, na kila jioni ananisimulia kazi yake, nielewe nisielewe," Mukasine aliendelea. "Akaja siku moja amefurahi. Mama, leo nimesafisha mashine za ofisi, na nimeanza na ya kwangu, wasije wakasema najipendelea. Wewe ulipokuja kunieleza kwamba ukifuta ile ya zamani unafuta na ufunguo, nikajua pale pale. Nimemzaa mimi. Hata namba za dada zangu kwenye simu yangu aliwahi kuzifuta, eti zimejirudia."

"Sasa mbona hukusema, mama?" Protas aliuliza.

"Niseme nini? Ulikuwa unaongopa vizuri, na moyo wako wote umo. Nikajisemea, nikimwambia najua, Jumamosi atakuja kufanya nini?" Akavuta uzi. "Halafu sukari ilikuwa imeisha."

Protas alianza kucheka. Kicheko kilifika katikati kikageuka, akafunika uso kwa viganja. Mukasine aliacha sindano, akamwekea mkono mgongoni, akasema kwa Kinyarwanda maneno ambayo mtu humwambia mtoto aliyeanguka.

"Andika kwamba ni Shema," alisema baadaye. "Hakuiba, hakuua. Alikuwa na haraka ya usafi, basi. Na mwanangu huyu Protas asibebe kosa lisilo lake."

Kompyuta bado iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cheupe. Protas amewahi kujitolea kuisafisha, aiweke upya hata kama picha itafutika, mama apate kusikilizia mahubiri. Mukasine hataki hata kulisikia hilo.

"Humo ndani yupo," anasema. "Simwoni, lakini najua alipo. Wangapi wanajua walipo watu wao?"

Kinachomtisha ni kitu kingine, na alikisema kwa sauti ya chini wakati Protas ametoka kwenda kuangalia bomba. Uso wa mumewe unamtoka akilini. Zamani alikuwa akiinua macho ukutani kila asubuhi, kwa hiyo hakuwahi kujifunza kumkumbuka. Sasa akifumba macho anapata shati, anapata mabega. "Juu ya kola pananiponyoka. Naogopa nitaamka siku moja nisipate hata mabega."

Ofisini, Protas alimwomba Phiona ruhusa ya kubadilisha utaratibu, na sasa hakuna fundi anayefuta rekodi pacha kabla ya kuhamisha ufunguo na mwenzake kuuhakiki. Kazi imekuwa ndefu. Vijana wapya wananung'unika. Phiona huwaambia, "Muulizeni Protas," na hakuna anayeuliza mara mbili.

Lakini mpango ulio moyoni mwa Protas ni wa Desemba. Mukasine alikumbuka, akiwa anafuma tu, kwamba Rugamba aliimba besi kwenye kwaya ya parokia ya Kayanga, na kwamba askofu alipokuja kutoa kipaimara kwaya nzima ilipigwa picha. Protas alimpigia mama yake simu huko nyumbani. Mama yake akatembea hadi kwa mzee Vitalis, aliyekuwa akiongoza kwaya hiyo, na kuikuta picha sebuleni kwake, kwenye fremu.

Mzee Vitalis amekataa katakata isipigwe picha kwa simu wala isitoke nje ya nyumba. Anasema vitu vya kutumiana hewani havina adabu. Mwenye mtu wake aje.

Basi mwenye mtu wake anakwenda. Protas ameomba likizo, na hati ya kusafiria ya Mukasine iko tayari. Ameshafuma kitambaa cha kumpelekea mzee, na kingine cha mama yake Protas, kikubwa kuliko cha mzee, kwa sababu, anasema, mama aliyemzaa huyu naye amesumbuka.

Picha ina waimbaji zaidi ya thelathini, mistari mitatu, wote mashati meupe. Ilipigwa kabla Rugamba hajafikisha miaka thelathini. Mukasine ana sitini na mbili.

"Akiniona leo ataniamkia shikamoo," anasema, na anacheka peke yake.

Protas anamwambia asiwe na wasiwasi, mzee Vitalis anawakumbuka wote, atamwonyesha kwa kidole.

"Asinionyeshe," anasema Mukasine, na kicheko kimekwisha. "Wala wewe usimuulize. Mniache nimtafute mwenyewe, hata kama ni mpaka jioni. Na nikikosea, nikamchukua wa pembeni yake, msiniambie."