Mkono wa Pole Uliongoja Karatasi ya Moyo

Mjomba wetu alizikwa Timbwani, na siku ya hitima nyanya, mamake, alianguka jikoni akishika kifua. Sisi wanne hatukuwa na baba wala mama. Yeye ndiye aliyetulea. Mimi mkubwa nilikwishaacha shule kitambo, nikakaanga mahamri ya kuuza ili wadogo wasome. Tulipokuwa tunamvusha kwa feri kumpeleka hospitali nilikuwa na wazo moja tu: nyanya akifa, jamaa watatugawa. Walikwisha kulinong'ona kwenye matanga ya mama, huyu aende Mkomani, yule Changamwe, kama vyombo vya nyumba inayohamwa.

Daktari alimbandika nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi nyembamba yenye mstari wa kupanda na kushuka. Alinieleza kwamba mstari ule ulifanana na wa mtu aliyezibwa mshipa wa moyo, lakini yeye alidhani ni msiba uliompiga. Nilimwuliza kama atapona. Akaweka kidole kwenye karatasi.

"Hapa moyo unapiga, hapa unatulia tayari kupiga tena. Wake unachelewa kutulia. Ukishtuliwa katika hali hii unaweza kwenda mbio ovyo, ukasimama. Nafasi hii ya kati ikipungua nitakuwa na matumaini. Mpaka hapo, mtu asimlize."

Lakini kwetu mtu hafiwi akakosa kupewa mkono wa pole. Kila saa ya kutazama wagonjwa nilisimama mlangoni mwa wodi, nikimwomba kila aliyekuja asimtaje marehemu. Wengine walielewa, wengine waliondoka wamenuna. Kisha akaja dada yake nyanya, ambaye hakuwahi maziko.

"Sasa nikamwambie nini mwenzangu aliyefiwa?" akaniuliza.

"Mwambie habari za kuku wako, bibi."

"Kuku. Mwanawe yuko mchangani, nami niingie na kuku."

"Wallahi, bibi, akilia leo huenda tukamkosa."

Alinitazama sana, akatengeneza buibui lake, akaingia. Alizungumza kuku mpaka kengele ikalia. Alipotoka hakuniaga.

Nyanya akaniita. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ukali wake ulikuwa ule ule.

"Tangu jana watu wanizungumzia mvua na kuku. Mwadhani nimesahau kuwa mwanangu amekufa? Nataka kulia na dada yangu."

Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamwomba angoje karatasi ya kesho. Nilimwambia lile nililokuwa sijamwambia mtu, kwamba akienda yeye, watoto hawa hawatalala tena chini ya paa moja. Akafumba macho.

"Haya," akasema. "Nangoja."

Asubuhi mashine ilipotoa karatasi nyingine niliitazama kabla ya daktari. Vile vilima vya juzi vilikuwa vimepinduka, vinaning'inia chini kama mashimo. Niliona moyo wa nyanya umegeuka juu chini, na nikaanza kuwaza nitawaambiaje wadogo.

Daktari alitoa kifaa chake cha ncha mbili, akapima karatasi hapa, akapima pale, akarudia. Mwishowe akasema nisiogope mashimo yale. Moyo ulioumizwa hivi mara nyingi huchora hivyo unapopona. Alichokuwa akikitafuta ni ile nafasi, nayo ilikuwa imepungua.

"Karatasi haiweki ahadi," akasema. "Lakini leo mwacheni alie. Polepole."

Dada yake alipofika mchana nilimwambia maneno ya daktari, nikampisha. Alimshika nyanya mkono wa kulia, akampa pole, na wote wawili wakalia kwa sauti ya chini, kama watu wanaombembeleza mtoto. Mimi nilikaa miguuni pa kitanda, kiganja changu juu ya shuka lake, nikimwangalia anavyopumua. Kila alipokatiza pumzi nami nilikatiza.

Katikati ya kilio nyanya aliinua kichwa, akaniuliza nimewaachia wadogo chakula gani. Nikamwambia wali na mchicha. Akaitikia kwa kichwa, kisha akarudi kulia.