Futari Iliyoninyima Udiwani

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, mengine nimejifunzia kwenye uashi. Nalisema mwenyewe kwa sababu waliotaka kuniangusha walianzia hapo kila mara. Wazee wangu walitoka bara kuja kuchuma karafuu Kizimbani. Mimi nikajenga nyumba za watu, nikaishika ibada yote kwa sikio mpaka nikapewa upadri wa Kiorthodoksi, kisha watu wa Michenzani wakanichagua diwani. Askofu alikubali shingo upande. Nikatumikia muhula mzima na ndevu zangu na joho langu jeusi.

Muhula ulipokwisha, tawi la chama lilikuwa liamue kama jina langu lirudi. Siku chache kabla ya kikao, mwenyekiti wa tawi akatualika, mimi na wajumbe wake, kufuturu kwake. Mwaka ule Ramadhani na Kwaresima yetu zilikutana. Sisi tukifunga hatuli nyama wala samaki, ila pweza ruhusa, kwetu huhesabiwa hana damu. Basi nikala tende, muhogo wa nazi na pweza. Kuku sikumgusa.

Mjumbe mmoja, kinyozi, akaniona.

"Padri, kuku wetu humtaki kwa kuwa kachinjwa na Muislamu?"

"Nimefunga."

"Umefunga na pweza mdomoni?"

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, maana kweli nilikuwa natafuna. Nikawaeleza, lakini nyuso hazikukunjuka. Mwenyekiti, aliyekuwa akinipenda, akanisogezea paja la kuku na kuninong'oneza, "Mwenzangu, onja kidogo tu. Hawa wakitoka hapa watasema umekataa chakula chetu, na jina watalikata."

Nikamjibu wote wasikie. "Leo saa nane mchana ningekwambia unywe maji kidogo tu nikupe kura, ungekunywa?"

"Astaghfirullah."

"Basi na mimi ndiyo hivyo hivyo."

Jina likakatwa. Kinyozi ndiye diwani sasa, na mimi nimerudi kwenye uashi.

Watu huniambia paja moja la kuku lingenirudisha kwenye kiti. Ni kweli. Lakini Jumapili ile ningesimama madhabahuni kuwahimiza waumini wangu wafunge, nami najua nilichokula. Diwani wa namna hiyo wamtafute kwengine. Kwangu hayupo.