Ndevu za Kufungulia Simu

Fundi cherehani yule hapitwi na jambo jipya la simu. Hulamba kidole gumba kama anayetaka kutunga uzi sindanoni, ndipo abonyeze. Namba ya siri aliisahau siku nyingi. Simu humfungukia kwa kumtambua uso. Asubuhi ya harusi ya bintiye alinyoa ndevu zote, na simu ikamkana mchana kweupe. Mama yake fundi, mgonjwa kitandani kijijini mbali, ambaye hakuwahi kumwona mwanawe na ndevu, alikuwa akisubiri kumwona bibi harusi kwa video.

"Ni mimi, jamani!" fundi aliibembeleza simu. Wapi! Akaokota nyuzi nyeusi sakafuni, akazibandika kidevuni kwa gundi. Ikafunguka. Akamvuta bintiye pembeni yake, akapiga.

Mama alikodoa macho, akashusha sauti: "Mjukuu wangu, usiniambie huyo mzee ndiye bwana harusi!"