Picha ya Dada Yangu wa Butiama

Marehemu mume wangu aliniachia kamera ya mkanda. Alikuwaga anapiga watu picha Bunda, siku za mnada na za harusi. Kila aliyempiga nakumbuka jina lake, ila hapa siandiki, wengine wana watoto wao, huenda wasipende. Mimi shule niliishia la tatu. Kamera yenyewe sikuishika akiwa hai.

Nimejifunza uzeeni kwa ajili ya dada yangu aliyeolewa Butiama. Hana picha hata moja. Huku kwetu ukimfuata mzee na kamera anajua unachotaka, ni picha ya kuweka juu ya jeneza. Wajukuu walipomtolea simu alijifunika kanga usoni. "Ya simu inazungukaga mpaka kwa watu wasionijua." Nilipomwambia nitatumia kamera ya shemeji yake, itoke karatasi, ikae ndani kwake, aliishusha kanga. Kisha akasema, "Njoo. Ila nisitoke kama maiti."

Mjukuu wa Mwanza alinitumia mkanda. Niliuchomeka kama nilivyokuwa nikimwona mume wangu akifanya, nikafunga.

Dada alivaa gauni la kanisani, akakaa mlangoni.

"Mbona unasitasita, mdogo wangu? Anayeogopa si ni mimi?"

"Tulia, dada. Ukicheka utatoka na pengo."

"Litoke. Wanalijua."

Nikapiga, nikavuta kile kimkono cha kusogeza mkanda, nikapiga. Mkanda ni wa picha thelathini na sita, lakini namba ya kuhesabia juu ya kamera ilipita hapo na kimkono bado kinavutika. Nilifurahi, nikadhani nimezidishiwa.

Musoma, njia ya Mwigobero, yuko mzee aliyekuwa akimsafishia mume wangu picha. Dawa bado anazo. Aliingia na mkanda wangu chumba cha giza, akatoka ameushika unaning'inia, mweupe mwanzo mpaka mwisho.

"Shemeji, huu haukutembea. Ncha yake haikushika kwenye kigurudumu cha ndani. Ulikuwa unavuta bure." Akanionyesha kifundo cha juu ya kamera, kushoto, kinachotakiwa kuzunguka kila ukivuta. "Mwenzako hakukufundisha?"

"Sikumuuliza."

"Miaka yote ile?"

Alinitafutia mkanda mwingine, akanifanya niuchomeke na kuutoa mpaka nikaweza peke yangu.

Wiki hiyohiyo dada alipata kiharusi. Nilipofika Butiama nilimkuta amelala kitandani, mdomo umevutika upande mmoja, jicho halifumbi vizuri. Kamera ilikuwa kwenye kikapu, sikuitoa.

"Ziko wapi?" aliniuliza.

"Bado zinasafishwa, dada."

Akaitikia kwa kichwa, akaongea polepole, maneno yanamtoka kwa shida. "Afadhali ulikuja mapema. Watakuja kuniona nilivyokuwa."

Nikamshika mkono, nikamwambia ndiyo.

Sasa ananiulizia kila Jumapili kwa simu ya mwanawe, na mimi namjibu bado. Kuchomeka mkanda sasa najua. Lakini nikimwambia akae tena itabidi nimweleze kwa nini, na ule uso anaoungoja haupo popote.