Mgeni Aliyeshuka Garini

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala juu ya michai kutoka kwetu hadi barabara ya Kaplong, na nyumba za majirani zilionekana nusunusu, mapaa bila kuta. Hata leo siku ile hunijia hivyo hivyo, polepole, kama kitu nilichokiota. Mchumba wangu alikuwa anakuja na baba yake kutoka Kericho, kuniposa. Nilimpenda. Naliweka hilo mbele mapema, mtu asije akadhani nilikuwa natafuta sababu.

Mama alikuwa ameandaa mursik, maziwa yetu ya kugandisha kibuyuni, siku nyingi kabla, akakisugua kibuyu kwa makaa mpaka maziwa yakapata rangi ya majivu na harufu ya moshi. Baba alivaa koti lake la kanisani. Kwetu habari za posa hazizungumzwi nje. Mgeni huingia, hukaa, hunywa, ndipo maneno huanza. Basi tulipanga viti, tukangoja.

Gari lilikuja bila kelele, refu, jeupe, likasimama uani. Manyunyu yalikuwa yameanza. Mimi nilikuwa kwenye dirisha la jikoni, nikingoja milango ifunguke. Ulifunguka wa dereva peke yake. Akashuka mtu wa makamo, akakunja suruali, akaruka matope, akavua viatu mlangoni na kumpa mama mikono miwili.

"Chamgei, mama. Pole, tumechelewa, barabara imeharibika."

Akapewa kikombe, akanywa, akaomba kingine bila aibu. Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

Wenzake hawakushuka. Kioo cha nyuma kiliteremka kidogo, kiasi cha kupitisha mkono. Baba alingoja kizingitini, kisha akatoka na kikombe cha mursik, akakikinga kwa kiganja mvua isiingie. Mkono wenye saa ya dhahabu ukakipokea, ukakirudisha kikiwa kimejaa vilevile. Hapakuwa na salamu. Injini ilikuwa bado inanguruma, na baba yangu akabaki amesimama pale.

Sisemi utajiri ndio uliomharibu baba wa mchumba wangu. Mjomba wangu hana ng'ombe wala adabu, na namjua bwana mmoja wa Sotik mwenye shamba linalofika mtoni ambaye huwapisha wachumaji chai njiani na kuwasalimu mmoja mmoja. Lakini tangu utotoni niliamini kwamba watu wa nyumba za ghorofa lazima wawe waungwana kuliko sisi, kwamba adabu huja pamoja na zulia. Ujinga mtupu! Yule mzee alikuwa na kila kitu, na hakuona kwamba mtu aliye mbele yake ananyeshewa.

Bado nilikuwa na tumaini moja. Mchumba wangu alikuwa amekaa kando ya baba yake. Nilijiambia, yeye atashuka. Atashuka sasa hivi. Ukungu ulipita kati yetu, ukalimeza gari, ukalirudisha, na mlango ulikuwa bado umefungwa. Kisha simu yangu ikalia. Ulikuwa ujumbe wake.

"Babe, ambia babako waongelee tu hapa kwa gari. Mzee hawezi kanyaga hiyo matope."

Alikuwa hatua thelathini kutoka nilipokuwa. Niliusoma mara mbili. Nilikasirika, kisha hasira ikaondoka na kuniachia huzuni, na huzuni ndiyo iliyonitoa nje. Sikulitazama gari. Nilikitwaa kikombe mkononi mwa baba. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Ingia ndani, baba."

"Na wageni?"

"Mgeni wetu ameshaingia. Ako na mama."

Alikitazama kile kioo, kisha akanitazama mimi, na nikajua kwamba anakijua ninachokiacha.

"Una uhakika, mwanangu?"

"Sina, baba. Lakini unanyeshewa."